Mama, Humu Hamna Lumbesa

Nina miaka 22, nasoma ualimu mwaka wa tatu, masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia, na napenda gemu za Kijapani. Sentensi hiyo ukiisoma hapa chuoni haina shida. Jaribu kuisema sebuleni kwetu, Njombe, mbele ya shangazi.

Mimi nilijaribu nikiwa mwaka wa kwanza. Shangazi aliweka kikombe cha chai chini, akaomba simu yangu azione hizo gemu zenyewe. Kwa bahati mbaya kwenye kioo alikuwepo Ifrit wa Final Fantasy X, lile dude lenye pembe na moto. Shangazi alinirudishia simu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya aliyekufa, halafu akamgeukia mama. "Wifi, huyu mtoto mmempeleka kusoma au mmempeleka Freemason?" Jumatano ile nilipelekwa kwenye maombi.

Kaka alicheka mpaka akatoka nje. Yeye hakuwa na shida na mashetani, shida yake ilikuwa aibu. "Msichana mzima unacheza katuni! Si ucheze gemu za maana kama watu?" Gemu za maana kwake ni mpira. Baba, ambaye ni fundi gereji, alisema neno moja ambalo mpaka leo linatembea kwenye ukoo: "Sisi Mjapani anatuuzia injini, wewe anakuuzia katuni." Babu aliuliza kama zinalipa. Mama hakusema chochote, aliendelea kumenya viazi.

Najua siko peke yangu. Kila mpenzi wa gemu hapa chuoni ana hadithi ya namna hii. Tukikaa nje ya hosteli jioni, mmoja anaeleza baba yake alivyovunja pedi, mwingine anaeleza mama yake alivyoficha chaja, tunacheka, kisha tunafunga kikao kwa sentensi ileile: wazazi hawaelewi. Na mimi nimeisema sana. Siku hizi naona ni nusu tu ya ukweli. Hawaelewi, sawa. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kukaa nao chini akawaelewesha? Tunakificha kitu miaka kumi, halafu tunawalaumu kwa kutokijua.

Tuanze na kichekesho chenyewe. Nyumbani kwetu hakuna jina linaloheshimiwa kama Mjapani. Baba akishasema kifaa fulani ni "cha Mjapani mwenyewe", mjadala umekwisha. Anaweza kukusimamisha nusu saa akikuonyesha injini ya Toyota iliyokula kilomita laki tatu na bado inanguruma vizuri. Pikipiki ya baba mdogo ni Honda, na ole wako uifananishe na nyingine.

Hata hizo gemu za maana za kaka zimetoka hukohuko. Tukiwa wadogo alikuwa anatoroka kwenda kibandani kucheza PES, anatoa mia mbili za penseli na daftari. PES ni ya Konami, kampuni ya Kijapani, na kwao ilikuwa inaitwa Winning Eleven. Mwaka 2021 ilibadilishwa jina ikawa eFootball, na kaka anayo kwenye simu mpaka leo. PlayStation 2 iliyokuwa pale kibandani ni ya Sony, ilitoka mwaka 2000. Tekken, ambayo iliwapiganisha watoto wa mtaa wetu kwanza kwenye TV halafu nje ya kibanda, ni ya Namco na ilianza mwaka 1994. Kwa hesabu hiyo kaka ni mpenzi wa gemu za Kijapani kunizidi mimi, tena wa siku nyingi. Yeye tu hajijui, na hakuna aliyempeleka kwenye maombi.

Babu naye hushinda kilabuni, ulanzi pembeni, drafti mbele, vizibo vya soda vimepangwa. Mchezo unaanza saa nane mchana unaisha giza likiingia. Sijawahi kusikia mtu akimuuliza babu kama drafti inalipa. Siku moja nikamwambia kwamba Nintendo, kampuni yenye Mario na Pokémon, ilianzishwa mjini Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata. Karata kabisa, za kushika mkononi. Babu aliinua kichwa: "Kumbe hawa ni wazee wa karata!" Tangu siku hiyo, mtu akinisema mbele yake, ananitetea kama wakili.

Kwa hiyo si kweli kwamba familia zetu zinachukia michezo. Mchezo wanaoujua wanauacha upite. Wakiona wasioujua, unachezwa na mtu ambaye hawakumtegemea, hapo ndipo kelele zinapoanza. Kaka akikaa na simu usiku anaitwa kijana anayepumzika baada ya kazi. Mimi nikikaa na simu, kuna sufuria halijaoshwa mahali fulani. Dada zangu mnaosoma hapa mnajua ninachosema, sina haja ya kukirefusha.

Lakini nisijifanye malaika. Kuna mahali familia yangu ilikuwa sahihi, na ni lazima nipaseme.

Mwaka wa pili, semista ya kwanza, nilipata emuleta ya PlayStation ya zamani nikaiweka kwenye simu, na humo nikakutana na Harvest Moon: Back to Nature. Ni gemu ya mwaka 1999, ya kilimo. Hakuna bunduki, hakuna mazimwi. Unalima, unamwagilia, unafuga kuku na ng'ombe, unasalimiana na majirani. Siku moja ya humo ni dakika chache tu, na ubaya uko hapohapo. Unajiambia nimalizie siku hii nilale. Ikiisha unataka kujua kesho mahindi yatakuwa yamefikia wapi. Ukija kuangalia saa ni saa tisa usiku na kesho asubuhi una jaribio.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na sapu moja. Bumu nalo lilikuwa limeisha kabla ya wakati, sehemu yake imeishia kwenye bando la kupakulia magemu. Nilipofika nyumbani likizo, mdogo wangu, ambaye hajui kutunza siri hata ya kuku kutaga, alishasema kila kitu.

Kikao kikakaa. Na mimi nikafanya kosa ambalo nadhani wengi wetu tunalifanya: nikajitetea kwa maneno ya kuazima. Nikasema gemu zinaongeza uwezo wa kufikiri, na huko Japani hiyo ni sekta kubwa, watu wanaishi kwayo. Baba alinyanyua simu yenye matokeo yangu akaisoma tena taratibu. "Basi ziongeze tuone," akasema, "maana huu uwezo naona umepungua." Watu wote wakacheka, mpaka mimi.

Mama hakucheka. Mwaka ule bodi ya mikopo haikunipa ada yote, na pengo alikuwa ameliziba yeye kwa viazi. Kama hujawahi kuona viazi vinavyouzwa kwetu, nikueleze kidogo. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezewa kichwa cha juu kinachofungwa kwa kamba, linavimba kama mtu aliyejitwisha mzigo. Hiyo ndiyo lumbesa. Viazi vimeongezeka, bei imebaki ileile ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, wakulima wamepiga kelele miaka nenda rudi, lakini mnunuzi akiwa na lori na wewe una viazi vinavyoanza kuoza, utaifanyia nini sheria? Ada yangu ilitoka humo.

Mama alisema sentensi moja tu: "Mimi nilidhani ukiwa kimya na simu unasoma."

Ile iliniuma kuliko maombi ya shangazi na maneno ya baba yote kwa pamoja. Sapu niliirudia nikafaulu, ikaisha. Kilichobaki ni kwamba nilimwacha mama aamini kitu ambacho si kweli kwa sababu uongo ule ulinipa nafasi. Hakunidhania vibaya hata kidogo. Alinidhania vizuri, na mimi nikautumia uzuri huo.

Ningeweza kuendelea hivyohivyo mpaka kuhitimu. Kilichonibadilisha ni TP.

Mwezi wa saba tulitawanywa mashuleni, mimi nikaangukia sekondari moja ya kata. Wiki ya tatu aliletwa ofisini mvulana wa kidato cha pili, amekamatwa kwenye kibanda cha gemu saa za masomo. Kutoroka kipindi ni kosa, sitetei. Lakini mwalimu aliyemleta hakuishia kwenye kosa. Alisema mtoto huyu kichwani hana kitu, akili zote ziko kwenye gemu, hawa ndio wezi wa kesho. Walimu waliokuwepo wakatikisa vichwa kukubali. Mvulana akala viboko vyake.

Na mimi nilitikisa kichwa. Mimi ambaye usiku wa jana yake nilikuwa namwagilia nyanya za kwenye simu mpaka saa sita. Ningesema neno, ningeulizwa mwalimu umeyajuaje hayo. Nikaona bora nimezee.

Mchana nilimkuta nje nikamuuliza alikuwa anacheza nini. Aliniangalia kwanza kama ninamtega. Tekken, akasema. Nikamuuliza anamtumia nani, na hapo akafunguka. Alinisimulia ukoo wote wa Mishima: babu Heihachi alivyomtupa mwanawe Kazuya gengeni, Kazuya alivyorudi kulipiza kisasi, kisha mjukuu Jin alivyokwenda kulelewa na babu huyohuyo, na babu akaja kumpiga risasi. Alisimulia kwa mpangilio, hakuruka kitu, hakurudi nyuma. Wiki moja kabla, kijana huyu kwenye insha yangu alikuwa ameandika mistari minne.

Nikamwambia hayo uliyonieleza, yaandike. Aliandika ukurasa mmoja na nusu. Tahajia ilikuwa majanga, lakini kulikuwa na mwanzo, kati na mwisho, na mwishoni ameweka swali: kwa nini babu anamchukia mjukuu wake mwenyewe? Sitaki kusema uongo kwamba aligeuka mwanafunzi bora. Alipata alama za wastani na pengine kibandani alirudi. Ila madai kwamba kichwani hana kitu nilikuwa na ushahidi wa kuyakanusha, umeandikwa kwa kalamu ya bluu, na mpaka TP inaisha sikumwonyesha yule mwalimu. Kimya nilichokizoea nyumbani nilikibeba mpaka kazini.

Sisi wa ualimu tunaimbishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba mwalimu huanza na kinachojulikana ndipo aende kwa kisichojulikana. Nimelijibu swali hilo kwenye mitihani nikapata maksi. Kwenye basi la kurudi Njombe ndipo nilipojiuliza: mama yangu ni mkulima wa viazi, mimi nacheza gemu ya kulima viazi, na mwaka mzima sijawahi kumwambia inahusu nini. Hivi mimi ni mwalimu wa nani?

Mwezi wa tisa kwetu ni kiangazi, watu wanalima vinyungu, yaani bustani za bondeni karibu na maji. Siku ya pili tangu nifike tulikwenda kinyunguni mimi na mama, tukabeba ndoo mpaka mabega yakakataa. Tulipokaa kupumzika nikatoa simu. "Mama, naomba nikuonyeshe kile kitu."

Alifuta mikono kwenye kitenge akasogea.

Nikamweleza. Huyu kijana amerithi shamba la babu yake aliyefariki, limejaa mawe na magugu. Amepewa miaka mitatu alifufue. Ikiisha, wanakijiji ndio wanaoamua kama abaki au aondoke.

"Miaka mitatu," mama akasema. "Kama digrii yako."

Nilikuwa nimeicheza gemu ile mwaka mzima bila kuliona hilo.

Nikaendelea. Kuna majira manne, kila moja siku 30. Usipomwagilia leo, mmea leo hausogei. Mvua ikinyesha unapumzika. Kikija kimbunga cha majira ya joto kinaweza kukuharibia mazao. Ukifanya kazi kupita nguvu zako unazimia. Mama akaitikia kwamba hapo kwenye kuzimia huyo mtu amesema kweli. Kisha akaanza kunihoji kama bwana shamba.

"Ukungu wa viazi upo?"

"Hamna, mama."

"Viwavijeshi?"

"Hamna."

"Mbolea unanunua lini?"

"Haihitajiki."

"Basi aliyetunga hajawahi kulima."

Nikamwambia aliyeuanzisha mfululizo huo anaitwa Yasuhiro Wada. Alikulia mashambani, Miyazaki, akahamia Tokyo kikazi, na huko mjini akaanza kukumbuka maisha ya kijijini. Gemu ya kwanza aliitoa mwaka 1996. Mama alinyamaza kidogo, anaangalia mto. "Kumbe naye aliondoka kwao," akasema. Halafu akarudi kwenye biashara: "Na viazi mnauzia wapi?"

"Unaweka kwenye sanduku nje ya nyumba. Saa kumi na moja jioni anakuja mtu anachukua, hesabu ni kimojakimoja, analipa."

"Kimojakimoja? Siyo gunia?"

"Kimojakimoja. Na bei ni ileile mwaka hata mwaka."

"Humo hamna lumbesa?"

"Mama, humu hamna lumbesa."

Alicheka, kicheko chake kile cha kuegemea mbele na kushika magoti. Kisha akainuka, akachukua ndoo yake, akasema: "Ndiyo maana umehamia huko."

Neno "umehamia" nimekaa nalo tangu siku hiyo. Naamini hofu ya mama ilikuwa humo. Mtoto aliyemtoa kwa lumbesa anarudi likizo, anakaa jikoni pamoja naye, lakini hayupo. Yuko mahali ambapo mama hana njia ya kufika, anacheka na watu ambao mama hawajui. Shangazi aliita mahali hapo Freemason, baba akapaita katuni, kaka akapaita utoto. Kila mmoja alitumia neno alilokuwa nalo, kwa sababu mimi sikuwapa jingine.

Najua nitakachojibiwa. Kuna wazazi ambao hata uwaeleze mpaka asubuhi hawatasikia, na wapo wanaovunja simu na kupiga. Kwa hao sina dawa, na simwambii mtu ajipeleke kwenye hasira. Wengine watasema mimi ni mtu mzima, bumu ni langu, muda ni wangu. Hapo nakataa. Bumu ni mkopo, na ada ya wengi wetu ina jasho la mtu mwingine ndani yake. Mtu huyo ana haki ya kuuliza muda unakwenda wapi, na "inaongeza akili" siyo jibu kama sapu iko mezani. Jibu la kweli ni fupi: naipenda, imenipitisha mpaka nikakosea, na nimejiwekea mpaka. Mimi mpaka wangu ni saa nne usiku, na wiki za mitihani naifuta kabisa kwenye simu.

Na kwa wenzangu wa ualimu nina neno la ziada. Miaka miwili mitatu ijayo sisi ndio tutakaokaa kwenye zile ofisi. Ataletwa mtoto aliyekamatwa kibandani, na mtu atasema hana kitu kichwani. Kama nyumbani kwako hujawahi kusema "hata mimi nacheza", sioni utaupata wapi ujasiri wa kusema pale. Mwadhibu kwa kutoroka kipindi, ni haki. Lakini muulize pia alikuwa anacheza nini, na umsikilize mpaka amalize.

Nyumbani hali haijawa shwari kiasi hicho. Shangazi bado ananiombea, na siku hizi naitikia amina kwa moyo mmoja kwa sababu mitihani ya mwisho inakaribia. Kaka nilimwambia kuhusu Konami, akasema nimetunga. Mama akinipigia Jumapili huuliza kwanza kama nimekula, halafu masomo, halafu: "Na viazi vyako vya kwenye simu?"

Nikimjibu vinaendelea vizuri, hunikumbusha lile onyo lake. Ikitokea sapu nyingine, hiyo simu inauzwa, na hela inakwenda kwenye mbegu.